WANETU NA SHULE ZA MISHENI: TUSOME RATIBA KABLA YA KULALAMIKA

Wengi wetu wa pwani tukitajiwa mji wa Isiolo hukumbuka mambo mawili tu, minada ya mifugo na njia iendayo Moyale. Ni wachache wakumbukao kwamba Isiolo ni mji wa misikiti pia, na kwamba miongoni mwa waliouanzisha walikuwa askari wa Kisomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakakaa hapo baada ya vita kwisha. Waborana Waislamu wapo, Wasomali wapo, na majirani zao ni Waturkana, Wasamburu na Wameru, ambao wengi wao ni Wakristo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Mtu akiishi hapo hana budi kuzijua ada za mwenziwe, maana soko ni moja, kisima ni kimoja, na mara nyingi shule ni moja.

Mtaa wa Chechelesi umo katika mji huo, na mazungumzo yangu ya leo yametoka huko. Yahusu shule ya msingi ya Kikatoliki, na wana wa Kiislamu wasomao ndani yake. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa nisemayo hayaihusu shule moja peke yake. Yazihusu shule za namna hiyo zilizoko Garissa, Malindi na hata hapa Mombasa, ambako shule ya Kikatoliki ya wasichana ya Star of the Sea imesomesha mabinti wa Kiislamu kwa miaka mingi, na wengi wao leo ni mama na dada zetu wenye kuheshimika.

Juzi barazani mzee mmoja aliniuliza, "Maalim, wewe umesoma chuoni. Ndugu yangu aliye Isiolo amempeleka mjukuu wake skuli ya mapadre. Mtoto huyo atabaki na dini yake kweli?"

Nikamjibu, "Ami, huyo mtoto chuo cha Qur'ani huenda?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo sikumuuliza."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo palipo na shina la maneno yangu yote ya leo. Sisi twauliza sana juu ya shule ya padre, na twauliza kidogo mno juu ya nyumba zetu wenyewe.

Mzazi mmoja wa Chechelesi alinionyesha karatasi ambayo shule hupeleka nyumbani mkononi mwa mtoto. Ni karatasi moja tu, imepigwa chapa pande mbili. Upande wa kwanza ni mambo ya wiki: Jumatatu asubuhi gwaride, bendera na wimbo wa taifa, Jumatano michezo baada ya masomo, Ijumaa gwaride tena, na kipindi cha mafunzo ya dini, ambacho mtaala wa serikali umekitengea nafasi moja kila wiki. Kuna na ukumbusho kwamba kila mtoto aje na sahani na kijiko kwa ajili ya chakula cha mchana. Upande wa pili ni mambo yajayo: misa ya kufungua muhula, mkutano wa wazazi wa Gredi ya 6 juu ya mtihani wao, na mazoezi ya kwaya na ya shairi kwa ajili ya mashindano ya muziki ya shule.

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama Mwislamu mwenye shaka, nikitafuta mtego. Mtego sikuuona. Mara ya pili niliisoma kama mtu wa magazeti, nikaona sifa moja na upungufu mmoja.

Sifa ni hii, kwamba mzazi amepewa habari kabla ya jambo kutokea. Anajua siku ya misa, anajua siku ya mkutano, anajua mwanawe atakula nini na atarudi saa ngapi. Anayekuandikia mambo yake mapema amekupa nafasi ya kukubali, ya kukataa na ya kuuliza.

Upungufu ni kwamba hapakuandikwa watoto wa Kiislamu watakaa wapi misa ikisomwa, na watafanya nini katika muda huo. Wala haikuandikwa kwamba wavulana wakubwa watapewa ruhusa Ijumaa wapate kuwahi khutba. Nikamuuliza yule mzazi, "Mmewauliza walimu?" Akacheka, akasema mkutano wa wazazi wa muhula uliopita yeye hakwenda, na majirani zake wawili Waislamu nao hawakwenda. Basi nani angeuliza? Mwalimu mkuu hapigi ramli.

Siwalaumu wazee wetu kwa hofu yao, kwa sababu haikuzuka bure. Zama za ukoloni shule nyingi za misheni zilikuwa mlango wa ubatizo, na baba aliyempeleka mwanawe Juma akisoma alikhofu asije akarudi na jina lingine. Kwa hofu hiyo watu wa pwani wengi walijitenga na shule hizo. Imani ilihifadhika, lakini elimu ya dunia ilitupita, na vyeo vya ofisini vikaenda kwa wengine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947, aliliona jambo hilo mapema. Katika magazeti yake ya Sahifa, lililoanza 1930, na Al-Islah, lililoanza 1932, aliwahimiza Waislamu wasome ilimu zote mbili, ya dini na ya dunia, na wajenge shule zao wenyewe. Skuli ya Waarabu ya Mombasa ilikuwapo tangu 1912. Chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kilifungua milango mwaka 1951, nacho leo ndicho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka 1986 zikaanza hapa Mombasa, kwa msaada wa Aga Khan, zile madrasa za chekechea zinazochanganya malezi ya dini na masomo ya kisasa. Kwa hiyo pwani tunazo njia nyingine. Mtu wa Chechelesi huenda asiwe nazo karibu. Shule iliyo hatua chache na mlango wake ni hiyo ya Kikatoliki, na mtoto hawezi kungoja mpaka sisi tumalize kujenga.

Na sheria yetu ya dini yasemaje juu ya kusoma kwa asiyekuwa Mwislamu? Mimi si mufti, wala sitoi fatwa katika gazeti. Lakini nilisoma sira chuoni kama walivyosoma wenzangu, na kila aliyekaa mbele ya mwalimu akasomeshwa habari za Badr ayajua haya. Katika mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa, waliambiwa kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika, kisha aende zake. Hao walikuwa makafiri waliokuja kupigana, si majirani wa mtaa mmoja. Kabla ya hapo Waislamu wa kwanza walikimbilia Uhabeshi kwa Najashi, mfalme wa Kikristo, wakapata amani kwake. Hatukuambiwa kwamba waliokaa kule waliacha dini yao kwa kuwa majirani zao walikuwa na makanisa.

Tena fadhila nyingine tusiisahau sisi wenye kupenda lugha. Padre Charles Sacleux, Mfaransa aliyekaa Zanzibar na mrima karne ya kumi na tisa, alikusanya maneno ya Kiswahili ya kila bandari, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kupigwa chapa Paris mwaka 1939. Yako maneno ya mababu zetu ambayo leo mtafiti hana mahali pa kuyatafuta ila humo. Sikubaliani na dini ya yule padre, lakini kila nikikwama katika neno la kale namshukuru.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi, maana wengi wetu twalalamika bila kuijua. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 8, yasema dola halina dini yake rasmi, na katika Ibara ya 32 yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kukataza asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 27, yaeleza kazi ya mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa. Mfadhili ana haki ya kuwa na wajumbe katika kamati ya shule, ana haki ya kushauri katika mambo ya kiroho, na aweza kuleta mchungaji wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Lakini kifungu hicho hicho chamtaka azilinde dini za wale wasiofuata madhehebu yake. Hiyo ni amana aliyopewa pamoja na cheo. Na mtaala una somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu kama ulivyo na somo la Kikristo na la Kihindu. Mzazi Mwislamu akiuliza, "Mwalimu wa Kiislamu yuko wapi?" hajaomba sadaka.

Ila tusijidanganye kwamba sheria imemaliza kila kitu. Isiolo hiyo hiyo ndiko ilikoanzia kesi kubwa ya hijabu katika nchi hii. Katika shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, wasichana wa Kiislamu walitaka wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikasema hapana. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikasema na wavae. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya Rufaa, na sababu kubwa ilikuwa namna dai hilo lilivyoletwa mbele ya mahakama. Hawakulipima dai lenyewe hata likafika ukomo. Miaka ikapita, mawakili wakalipwa, na wale wasichana wakamaliza shule kabla kitambaa chao hakijapata jibu.

Mimi naona funzo la kesi ile ni hili. Jambo ambalo mwalimu mkuu, wazazi na watu wa kanisa wangeweza kulipatanisha kwa kikombe cha chai, likishafika mahakamani huwa la fahari. Hapo kila upande hutetea heshima yake na mtoto husahauliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na ufa huu sasa umesogea mpaka shule za msingi. Zamani mtoto alimaliza darasa la nane akaondoka. Tangu mwaka 2023 Gredi ya 7 imewekwa ndani ya uwanja wa shule za msingi, zikafuata ya 8 na ya 9. Maana yake ni kwamba shule ya msingi leo ina wasichana na wavulana wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, hata kumi na mitano. Hao ni watu waliobaleghe. Swala imewalazimu, saumu imewalazimu, na stara imewalazimu. Lile lililokuwa swali la sekondari peke yake limekuja kukaa Chechelesi, katika shule ambayo jana ilikuwa ya watoto wadogo wasioandikiwa dhambi.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki waanzapo Kwaresima, imeangukia tarehe 18 Februari, wiki ile ile ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Katika uwanja mmoja wako watoto wanaopakwa majivu na watoto wanaofunga, na wote wawili wafundishwa kujizuia. Sufuria ya mahindi na maharagwe yaendelea kuchemka jikoni, kama inavyopasa, maana wadogo hawafungi. Je, Gredi ya 8 aliyefunga atakaa wapi wenziwe wakila? Atakimbizwa uwanjani saa saba jua likiwaka? Mwalimu mwenye moyo mwema hawezi kuyajua haya yote asipoambiwa. Na mwenye moyo mgumu hataweza kusema hakuambiwa, iwapo tumemwandikia.

Yuko atakayesema, "Bwana mwandishi, wewe wapendezesha mambo. Mtoto akisikia nyimbo za kanisa kila wiki zitamwingia." Kweli, zitamwingia masikioni. Mimi nilianza chuo kabla ya skuli, kama ilivyo ada ya kwetu, na juzuu ya Amma niliihifadhi kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za Kizungu. Nilipofika skuli nikasikia mengi, lakini kiti cha kwanza moyoni kilikuwa kimeshakaliwa. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa Chechelesi anayekwenda duksi, kama waitavyo chuo huko kaskazini, jioni na Jumamosi, na anayemwona babake akiswali nyumbani, hataondoshwa na wimbo. Lakini yule ambaye nyumbani haoni msala ukitandikwa, na chuo hakijui, huyo akipotea tusimsingizie padre.

Hata hivyo sitaki nionekane kuwaachia wenye shule. Shule ikimlazimisha mtoto wa Kiislamu kupiga magoti kanisani, hiyo ni dhuluma, na ni kinyume cha sheria niliyoitaja. Suratul Baqara, aya ya 256, yakataza kumtenza mtu nguvu kwa ajili ya dini, nasi twaitaja aya hiyo sana tukijisifu kwa uvumilivu wetu. Basi na tuidai haki hiyo pia, kwa adabu na bila kutetemeka. Na tukiidai, tukumbuke shule zetu wenyewe za Kiislamu zenye watoto wa Kikristo. Tumewaandikia nini katika ratiba zao?

Hapo ndipo ninapotaka kuwauliza maalimu wenzangu wa vyuo. Ile karatasi ya padre, sisi tunayo? Mzazi wa mtoto wa chuo ajua wiki hii mwanawe atasoma sura gani? Ajua siku ya khitma, siku ya maulidi, ada ni kiasi gani na imetumiwaje? Mara nyingi habari hutoka kinywani mwa mtoto usiku wa kuamkia siku yenyewe: "Mama, kesho twatakiwa kanzu nyeupe." Mama ahangaika, kanzu haijafuliwa, na mtoto alia. Karatasi moja kwa wiki haivunji dini. Dini iliyotupangia swala tano kwa saa zake na zaka kwa hesabu yake haiwezi kuwa adui wa ratiba.

Nalo la mwisho ni la ushairi, na mtaniwia radhi kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katika ile karatasi ya Chechelesi, kilichonifurahisha kuliko vyote ni mazoezi ya shairi. Nimefikiri juu ya mtoto wa Kiborana, wa Kiturkana na wa Kimeru wakisimama mstari mmoja, wakighani Kiswahili kilichotungwa kwa mizani na vina, sanaa ambayo chimbuko lake ni Lamu, Pate na Mvita, kwa watu waliojifunza kuandika kwa herufi za Qur'ani. Watunzi wa tenzi zetu za kale walianza kwa bismillahi. Sasa mtoto wa skuli ya mapadre yuaighani bahari ile ile mbele ya waamuzi. Wengine watasema mali yetu imechukuliwa. Mimi nasema imeheshimiwa, na ninaona haya kwamba huku kwetu wako vijana wa Kibokoni na Kuze wasioweza kuhesabu mizani nane.

Basi nawausia wazazi wa Chechelesi, na wa kila mahali penye shule kama ile, mambo manne. Kwanza, karatasi ikija nyumbani isomwe, na asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Pili, siku ya mkutano wa wazazi waende, tena waende pamoja, na wamchague mmoja wao aingie katika kamati. Tatu, waandike barua moja fupi ya heshima: saa ya swala ya Ijumaa, mahali pa kukaa wakati wa misa, mwalimu wa somo la Kiislamu, hijabu ya rangi ya sare kwa waliobaleghe, na mpango wa mwezi wa Ramadhani. Barua hiyo waipeleke kabla ya muhula kuanza, wala wasingoje ugomvi. Nne, duksi isiachwe hata siku moja kwa kisingizio cha mitihani.

Kwa upande wa shule, nawaomba waongeze mistari mitatu katika karatasi yao: watoto wa Kiislamu watakuwa wapi, na nani, wakifanya nini. Kanisa lililopewa jimbo la kitume hapo Isiolo mwaka 1995, na kuwa dayosisi kamili mwaka 2023, si mgeni tena katika mji ule. Na askofu wake wa kwanza, Luigi Locati, alimaliza uhai wake hapo hapo kwa kupigwa risasi Julai 2005. Mwenyeji aliyezika wake katika ardhi moja na jirani haoni uzito kumwandikia jirani huyo mistari mitatu.

Yule mzee wa barazani nimemwambia ampigie simu ndugu yake, aanze kwa swali la chuo. Mengine yote yatafuata. Wabillahi tawfiq.